Utando wa Rangi Unapoharibika: Kutafuta Chanzo cha Kasoro katika Uchoraji wa Tabaka Angavu

Mtu anayejifunza kuchora kwa rangi za mafuta akitumia tando angavu, yaani tabaka nyembamba za rangi inayopitisha nuru, kila moja ikipakwa juu ya nyingine iliyokwisha kukauka, hukutana na taabu ambayo anayechora kwa rangi nzito, yaani isiyopitisha nuru, haijui sana: kasoro huonekana juu ilhali imezaliwa chini, pengine wiki tatu kabla. Kwa sababu hiyo maelezo haya yanaanza na kile ambacho jicho linakiona, kisha yanashuka tabaka kwa tabaka hadi kwenye chanzo. Nachukulia kwamba msomaji anafanya zoezi ninalowapa wanaoanza, ambalo ni chungu cha udongo, embe bivu na kitambaa chekundu, vikiwa vimechorwa kwanza kwa nyeupe na vijivu vya kuchanganya nyeusi na nyeupe juu ya hadibodi yenye msingi mweupe, na sasa vinatiwa rangi kwa tando.

Ni muhimu kukumbuka kinachotokea ndani ya utando unaofanya kazi yake vizuri. Nuru huupenya, hugonga weupe ulio chini, kisha hurudi kwenye jicho ikiwa imepita katika rangi mara mbili, na hapo ndipo ule mng'ao wa kioo cha rangi unapotokea. Jan van Eyck na wachoraji wenzake wa Flandria (sehemu ya Ubelgiji ya leo) katika karne ya 15 walitayarisha mbao zao za mwaloni kwa msingi mweupe wa chaki na gundi kwa ajili hiyo hiyo. Chochote kinachoikatiza safari hiyo ya nuru, iwe ni chembe nzito, mafuta yaliyozidi, au brashi isiyooshwa, kitajitokeza kama ugonjwa wa picha.

Rangi imegeuka tope

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mwanafunzi: embe lililotarajiwa kuwaka limekuwa na rangi ya maji ya mtaro. Jambo la kwanza la kukagua ni rangi yenyewe, kwa kuwa si kila tyubu inafaa kwa kazi hii. Nyeupe ya titani (PW6), nyekundu na manjano za kadimiamu, na buluu ya seruli (PB35) zina chembe zinazoziba nuru, na hata zikilainishwa kwa mafuta mengi kiasi gani, hubaki kuwa ukungu na si kioo. Zinazofaa ni kama buluu ya altramarini (PB29), buluu ya thalo (PB15), kijani cha thalo (PG7), kwinakridoni (PV19) na manjano ya nikeli (PY150). Alama hizo za herufi na tarakimu huandikwa kwa maandishi madogo kwenye lebo ya tyubu, na ndizo za kuaminiwa kuliko jina la kuvutia lililo mbele, kwa sababu jina huchaguliwa na mwenye kiwanda ilhali alama hutaja chembe iliyomo. Hata hivyo alama nayo haitoshi peke yake: PR101, ambayo ni oksidi nyekundu ya chuma, huuzwa katika hali angavu na pia katika hali nzito, zote zikiwa na alama ile ile.

Jaribio lisilodanganya ni la mstari mweusi. Chora mstari mnene wa rangi nyeusi kwenye kadi nyeupe, uache ukauke kabisa, kisha pitisha juu yake kila rangi uliyo nayo ikiwa nyembamba. Rangi inayouacha mstari ukionekana mweusi safi ni angavu, na ile inayoacha utandu wa kijivu juu ya mstari haifai kwa kazi hii. Watengenezaji wengi pia huchapa mraba mdogo kwenye tyubu, mraba mtupu ukimaanisha rangi angavu na mraba uliojazwa weusi ukimaanisha rangi nzito, lakini mimi bado nawataka wanafunzi wachore mstari wao, kwani kadi hiyo hubaki ukutani na huangaliwa mara nyingi kuliko lebo.

Ikiwa rangi ni angavu na tope bado lipo, tazama brashi. Nyeupe kidogo sana iliyobaki kwenye shina la nywele za brashi tangu siku ya kuchora picha ya kijivu yatosha kuuchafua utando mzima, nayo haionekani mpaka utando uanze kukauka. Napendekeza brashi za tando zitengwe na zisiguse nyeupe maisha yao yote. Chanzo cha tatu ni mpangilio wa tabaka: rangi zinazopingana, kama machungwa juu ya buluu au nyekundu juu ya kijani, huuana zikipangwa moja juu ya nyingine, na kinachobaki ni kahawia. Kahawia hiyo ni nzuri katika kivuli cha chungu na ni maafa katika shavu la embe. Chanzo cha nne ni tyubu za bei nafuu ambazo ndani yake tayari mna chembe tatu au nne zilizochanganywa kuiga rangi ya gharama. Utando mmoja wa rangi ya namna hiyo na mwingine juu yake ni chembe saba zinazogombana.

Utando wenye tope ukiwa bado mbichi hufutwa kwa tambara lisilotoa nyuzi na kazi ikarudi ilivyokuwa. Ukishakauka, usijaribu kuutibu kwa utando mwingine. Nimeona watu wakiongeza tando tano kuficha mmoja, na mwisho wake embe likawa jiwe. Rudisha sehemu hiyo kwenye weupe kwa rangi nzito yenye weupe, iache ikauke, kisha anza upya hapo tu.

Si kila ukungu ni kosa, lakini. Rangi yenye weupe isiyopitisha nuru ikipakwa nyembamba juu ya sehemu ya giza hutoa ubaridi wa kibuluu unaofanana na moshi wa jikoni au milima ya mbali, na mchoraji anayeujua huutumia kwa makusudi.

Picha inazidi kuwa ya giza kila siku

Utando angavu hauwezi kuongeza mwanga, kwani kila tabaka hula sehemu ya nuru inayoingia na sehemu ya ile inayotoka. Kwa hiyo picha ya kijivu iliyo sahihi kabisa kabla ya kutiwa rangi itakuwa ya giza mno baada ya tando tatu. Dawa iko chini: picha ya kwanza ichorwe nyepesi kuliko inavyotakiwa kuishia, hasa katika vivuli, na nyeusi tupu isitumike popote. Mwanafunzi anaweza kujipima kwa kuipiga picha kazi yake kwa simu na kuigeuza kuwa ya nyeusi na nyeupe kabla na baada ya kila utando, kisha akalinganisha. Ikiwa giza limekwisha kuingia, sehemu za mwanga huinuliwa tena kwa nyeupe nzito na kutiwa utando mpya zikikauka.

Tatizo lililo karibu na hili ni rangi kali mno, ile ya peremende. Mara nyingi mhusika ni thalo, ambayo nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba kiasi cha kichwa cha pini hutosha kwa kitambaa chote kwenye zoezi letu.

Tabaka la chini linabanduka au kuyeyuka brashi inapopita

Hapa chanzo ni haraka. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama emalshani ya ukutani. Hukauka kwa kunyonya oksijeni ya hewani na kubadilika polepole kuwa ngozi ngumu. Uso unaweza kuwa mkavu kwa kidole ilhali ndani bado ni mbichi, na tapentaini iliyomo katika utando mpya huupenya uso huo na kuuyeyusha. Rangi za udongo zenye manganizi, kama amba, huweza kukauka kwa siku moja au mbili, lakini nyeusi ya mifupa na rangi nyingi za kwinakridoni huhitaji wiki moja au zaidi. Bonyeza kwa kidole gumba na kukizungusha kidogo. Ikiwa kuna kunata kokote, subiri.

Wanaofanya kazi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa watagundua kwamba wakati wa masika siku hizo huongezeka, kwa kuwa unyevu mwingi na hewa iliyotuama huchelewesha ukaukaji. Kosa la kawaida ni kuificha picha kabatini ili isipate vumbi. Kabatini hakuna hewa wala mwanga, na vyote viwili ndivyo vinavyoikausha. Iweke chumbani penye dirisha, uso wake ukiwa umeinamia ukuta.

Anayetaka kwenda haraka atumie kilainishi (kimiminika cha kulainishia rangi) cha alkidi, ambacho huufanya utando mwembamba ukauke kwa takriban siku moja. Mimi mwenyewe hupendelea kuwa na mbao nne zinazoendelea kwa wakati mmoja, ili ile inayokauka isinitie kishawishi.

Utando unakataa kushika na kujikusanya matone

Rangi inarudi nyuma kama maji juu ya jani la mgomba. Hii huonyesha kwamba uso wa chini ni wa mafuta mno, au unateleza mno, au umeguswa na vidole vyenye jasho. Wanaotoka katika kazi ya mabango, au katika uchoraji wa Tingatinga, ambao tangu Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 umekuwa ukitumia rangi za kung'aa za viwandani juu ya hadibodi, huzoea kupaka msingi kwa rangi hiyo hiyo ya kung'aa. Kwa sanaa yao ni sahihi, kwa sababu rangi nzito hukaa juu yake bila shida. Kwa tando za mafuta ni msingi mbaya, kwani hauna kinyweleo cha kuushika utando.

Ikiwa tatizo ni dogo, sugua uso mkavu kwa msasa laini wa namba 400 uliolowekwa maji, ufute, uache ukauke, kisha upake mafuta ya mbegu za kitani kidogo sana na kuyafuta karibu yote kabla ya utando. Wachoraji wa zamani walisugua uso kwa kipande cha kitunguu au kiazi kibichi, na hila hiyo inafanya kazi, ingawa chumba hunuka kama jikoni. Ikiwa msingi wote ni wa rangi ya kung'aa, ushauri wangu ni kuanza ubao mwingine.

Utando haukauki kabisa

Zamani kidogo mwanafunzi mmoja aliniletea ubao ambao baada ya miezi miwili ulikuwa bado unanata kama ulimbo, pamoja na mbu watatu na kumbikumbi mmoja. Nilimuuliza alilainisha rangi kwa kitu gani, akajibu kwamba mafuta ya kitani yalikuwa ghali na mafuta ni mafuta, kwa hiyo alichukua ya nazi. Mafuta si mafuta. Yale ya kitani, ya jozi na ya popi hushikana na oksijeni yakawa ngozi ngumu. Yale ya nazi, ya mawese na ya zeituni hayawi ngozi kamwe, hata ukiyangoja mwaka mzima. Mafuta ya kupikia ya aina yoyote yasikaribie paleti. Utando wa namna hiyo hauponi, unakwanguliwa kwa kisu na kufutwa kwa tapentaini, na ubao wenyewe siuamini tena.

Mafuta ya karafuu yana habari ya peke yake. Wachoraji wa nchi nyingi huyatumia kwa makusudi ili kuchelewesha rangi isikauke upesi kwenye paleti, kwa sababu kiini chake, yujenoli, huzuia oksijeni isishikane na mafuta. Kwa mtu wa Pwani, ambaye chupa ya mafuta ya karafuu kutoka Pemba au Unguja haikosekani nyumbani, kishawishi ni kutia matone mengi ili kuondoa harufu ya tapentaini. Tone moja katika rundo la rangi huchelewesha kwa siku kadhaa. Matone matano huufanya utando uwe dhaifu na mlaini kwa muda mrefu sana.

Chanzo cha mwisho ni unene. Utando si tabaka la rangi iliyomwagika. Baada ya kuupaka, unapaswa kuufuta au kuugongagonga kwa brashi kavu laini mpaka kibaki kiasi ambacho jicho linakiona kama kivuli cha rangi.

Hapa niongeze tahadhari isiyohusu picha bali nyumba. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakikunjwa pamoja na kutupwa kwenye ndoo, hutoa joto yanapokauka na yanaweza kushika moto yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakakamae, au yalowekwe katika maji ndani ya chombo cha bati chenye kifuniko.

Mikunjo na nyufa

Mikunjo inayofanana na ngozi juu ya maziwa yaliyopoa inatokana na mafuta mengi mahali pamoja: uso huwahi kukauka, huvimba, kisha hukosa nafasi. Nyufa ni jambo zito zaidi. Hutokea pale tabaka la juu lenye mafuta machache, au linalokauka upesi, linapopakwa juu ya tabaka la chini lenye mafuta mengi na linaloendelea kujinyonganyonga kwa miezi. Kwa hiyo kila utando uwe na mafuta sawa na uliotangulia au yazidi kidogo: ukianza kwa sehemu moja ya mafuta ya kitani na sehemu moja ya tapentaini, endelea kwa sehemu mbili za mafuta kwa moja ya tapentaini, na usirudi nyuma. Anayechora picha ya kijivu aepuke nyeupe ya zinki (PW4), kwa kuwa ndani ya mafuta hukakamaa kadiri miaka inavyopita na kupasuka, ikizibeba tando zote zilizo juu yake.

Mabaka yasiyong'aa

Sehemu moja inang'aa na nyingine imefifia kama chaki, hasa katika vivuli. Wengi hudhani rangi imekufa, nao huongeza nyingine. Kwa kweli mafuta yamenyonywa na msingi, jambo la kawaida kwa ubao uliopakwa emalshani ya bei nafuu badala ya msingi wa wachoraji. Paka mafuta ya kitani yaliyopunguzwa kwa tapentaini juu ya baka, subiri dakika chache, futa yote yaliyobaki juu, na rangi itarudi.

Milia ya brashi, vumbi na wadudu

Brashi ngumu ya nywele za nguruwe huacha milia ambayo kila utando unaofuata huikoleza. Tumia brashi laini, kisha gongagonga kwa sponji, kitambaa au kiganja. Kuhusu mchoraji Titian wa Venisi inasimuliwa kwamba katika hatua za mwisho alifanya kazi kwa vidole kuliko kwa brashi, na mwanafunzi asione haya kumfuata, mradi anawe mikono vizuri kabla ya kula. Mdudu aliyenasa aachwe mpaka utando ukauke, ndipo apanguswe. Anayemtoa akiwa bado mbichi hutoa na kipande cha embe.

Rangi imepauka, au imekuwa ya njano

Mafuta ya kitani hugeuka ya njano picha ikikaa gizani, na sehemu ya unjano huo huondoka picha ikirudishwa penye mwanga wa mchana kwa siku kadhaa. Kupauka hakurudi. Alizarini nyekundu (PR83) ni angavu na nzuri sana, nayo hufifia ikiwa nyembamba, na utando kwa asili yake ni mwembamba. Nyuso za watu katika kazi nyingi za Joshua Reynolds, Mwingereza wa karne ya 18, zilikuwa zimeanza kupauka angali hai kwa sababu ya wekundu wa aina dhaifu kama hiyo. Tumia kwinakridoni badala yake. Kwa rangi usiyoijua, paka ukanda kwenye kadi, funika nusu yake kwa karatasi ya alumini, ubandike dirishani penye jua kwa miezi mitatu, halafu ulinganishe.

Kwa wanaotumia akriliki

Utando wa akriliki huonekana wa maziwa ukiwa mbichi na huangazika ukikauka, kwa hiyo usiuhukumu mapema. Maji mengi mno huupunguzia nguvu ya kushika. Tumia kilainishi cha akriliki. Ukianza kukauka usiurudie kwa brashi, maana utachanika. Mafuta yanaweza kupakwa juu ya akriliki, lakini akriliki isipakwe kamwe juu ya mafuta.

Utando unatoka pamoja na vanishi

Hii ndiyo kasoro inayoumiza kuliko zote, kwa kuwa hujitokeza kazi ikiwa imekamilika. Ikiwa kilainishi kilikuwa na utomvu wa damari, tapentaini iliyomo katika vanishi, au ile atakayoitumia mtu kuisafisha picha miaka mingi baadaye, inaweza kuuyeyusha utando wenyewe. Ngoja miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya vanishi, jaribu kwanza kwenye pembe kwa pamba iliyoloweshwa kidogo, na pamba ikitoka na rangi, acha. Kisha geuza ubao na uandike nyuma yake kwa penseli tarehe ya kila utando, alama za rangi ulizotumia na kilainishi kilichokuwamo, kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu.